Saa Nne Asubuhi, Mtoto Yuko Wapi?

Mvulana wa miaka kumi na mmoja akionekana ufuoni saa nne za asubuhi, siku ya Jumanne, hana sare wala mkoba, watu wa Mombasa hukata kauli mbili tu: ama ametoroka shule, ama karo imewashinda wazee wake. Ukiwaambia kwamba mtoto yule yuko masomoni, watakucheka. Na hilo ndilo jibu la wazazi waliochagua kuwasomesha watoto wao nyumbani. Wako Nairobi, wako Nakuru, wako hapa Pwani, na wengi wao hawajitangazi, kwa sababu zitakazoelezwa mbele.

Hoja zao na za wapinzani wao nimezisikia arusini, matangani na ndani ya matatu, nikaona nizikusanye katika baraza moja. Baraza lenyewe ni la kubuni, na wasemaji sikuwapa majina. MAMA anasomesha watoto wawili nyumbani kwake Bamburi; BINTI, wa miaka kumi na sita, ndiye mkubwa wake. MWALIMU alistaafu akiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali. FUNDI huunda mashua na majahazi. WAKILI ni mwanamke anayesimamia kesi za watoto. Mimi ni mchokoza mada, na mchokozi huyu hakuketi katikati: naegemea kwa Mama, ila si kwa kila sababu anayoitoa.

MAMA: Mwalimu, kabla hujaniuliza habari za silabasi, nikueleze asubuhi yetu ilivyo. Saa moja na nusu tumeshaketi mezani. Hesabu kwanza, maana ndiyo inayotaka kichwa kisichochoka, halafu kusoma, halafu insha fupi. Ikifika saa tatu na nusu tumemaliza, na sijapunguza kitu. Mtoto mmoja mbele ya mtu mzima mmoja hangoji wenzake watulie, hangoji daftari lake lifikiwe, hana haja ya kuitwa jina. Akikosea namwona palepale anapokosea, si wiki ijayo. Kisha mwanangu mdogo huchukua baiskeli yake akaenda kwa Fundi, na huko hukaa mpaka adhuhuri, siku nyingine mpaka alasiri. Shule aliyokuwapo ilikuwa nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini haikuweza kumpa saa tatu nne mfululizo za kufanya jambo moja.

MWALIMU: Saa tatu nne za kuchezea maranda.

FUNDI: Hachezi, Mwalimu. Nikwambie alivyoanza. Miezi ya mwanzo sikumpa chombo chenye makali. Nilimpa pamba na mafuta, nikamwonyesha kusokota, na namna ya kuipigilia pamba baina ya mbao kwa chembeu na nyundo ya mti. Kukalafati ni kazi ya kuchosha, watoto wengi huiacha siku ya pili. Huyu siku moja alisimama akaniambia, “Mzee, pamba ikishajaa sauti inageuka.” Na kweli inageuka. Mwanzo nyundo hulia kwa kufifia, pamba ikishakaa hulia kavu, kama umepiga mti mzima. Mimi hilo nilifundishwa na marehemu baba. Yeye alilisikia kwa masikio yake kabla sijamwambia.

MWALIMU: Hilo ni sikio zuri. Bado halijawa elimu.

FUNDI: Ngoja basi. Akaja kwenye mataruma. Sisi hatuchori, wajua. Tunalaza mkuku, tunasimamisha hanamu na fashini, kisha jicho ndilo linaloamua kila taruma lipinde vipi. Tunatafuta mti uliopinda wenyewe, tunauchonga kwa tezo mpaka ukubali. Mtoto akaniuliza, “Jicho linajuaje?” Nikamwambia linajua tu. Hakuridhika. Kesho yake akaja na ufito mwembamba, uzi na daftari la miraba. Akawa anaukunja ufito ndani ya chombo, anautia alama, anauchora daftarini, taruma baada ya taruma, kushoto na kulia. Wiki haijesha akaniambia upande wa kulia umejaa kuliko wa kushoto kwa upana wa vidole viwili. Nikamwambia haiwezekani. Tukapima pamoja. Vidole viwili! Na miaka yote hii vyombo vyangu vinavuta upande mmoja nami nalaumu tanga.

Hapa lazima niingilie. Wanaosifu masomo ya nyumbani hupenda kusema kwamba mtoto amepewa uhuru. Uhuru mtupu ungemweka kijana huyu kwenye simu mpaka magharibi. Alichopewa ni saa ndefu zisizokatwa, pamoja na mtu mzima anayeijua kazi yake na anayevumilia kuulizwa. Kipindi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi kwetu ni dakika 35. Dakika 35 zatosha kuambiwa kwamba chombo hupinda. Hazitoshi kushuku kwamba hiki kimepinda vibaya.

MWALIMU: Basi na mimi nipewe saa yangu isiyokatwa. Januari 2003 serikali ya Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi. Nilifungua lango Jumatatu asubuhi nikakuta foleni imefika barabarani. Walikuja watoto wa miaka sita, wakaja wa miaka kumi na minne ambao hawajawahi kushika kalamu. Walikuwa wapi miaka yote hiyo? Nyumbani, Mama. Nyumbani huko huko mnakokusifu: wakichunga, wakilea wadogo zao, wakitembeza mahamri. Darasa langu la kwanza lilipita watoto mia, walikaa sakafuni. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge akajiandikisha darasa la kwanza kule Eldoret akiwa na miaka 84, kwa sababu alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Mkiniambia nyumbani kunakuza vipaji, mimi nauliza: nyumba ya nani?

MAMA: Sikusema kila nyumba, Mwalimu. Nimesema yangu.

MWALIMU: Sheria haitungwi kwa nyumba moja. Na liko jambo jingine ambalo halimo katika silabasi yoyote. Mwalimu huona. Mtoto akija na alama za mshipi mgongoni, huziona anapovua sweta. Akiwa hajala tangu jana, huona. Msichana aliyekuwa msemaji akianza kunyamaza, huona, maadamu ni mwalimu mwenye macho. Mtoto asiyetoka nyumbani anaonwa na nani?

MAMA: Na walio nyumbani.

MWALIMU: Ndiyo. Na ikiwa walio nyumbani ndio tatizo lenyewe?

Mama hakujibu upesi, na sidhani kwamba jibu la upesi lipo. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya masomo ya nyumbani, na wapenzi wake huikwepa kwa kukimbilia nyepesi: kama mtoto atapata marafiki. Atapata. Pwani hii ina madrasa kila jioni, timu za mtaa, na binamu wasio na idadi. Tusipoteze muda hapo.

WAKILI: Ushahidi wa zamani uko pande zote mbili. Kusomeshwa nyumbani hapa kwetu hakukuja na intaneti. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake karibu mwaka 1858, yu mgonjwa, kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima, na utendi ule ukaendelea kusomwa majumbani kizazi baada ya kizazi. Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja. Lakini mumewe alikuwa Bwana Mataka, sheikh wa Siyu. Nyumba ile ilikuwa na karatasi, ina wino, na wajuzi wakiingia na kutoka. Sasa vuka uende Unguja, karne ile ile. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alikulia katika majumba ya kifalme, walimu wamo ndani kwa ndani. Mabinti walifundishwa kusoma, kuandika wakanyimwa. Akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ameyasimulia mwenyewe katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Kasri la Sultani, na mtoto ilimbidi aibe herufi.

MWALIMU: Umeniongezea maneno niliyokuwa nayatafuta.

WAKILI: Usifurahi bado. Aliziiba herufi kwa sababu alikuwa na wakati wa kuziiba.

BINTI: Shikamooni. Naomba nami niseme, maana nazungumziwa tangu mwanzo.

FUNDI: Marahaba, mjukuu wangu. Sema.

BINTI: Mimi ndiye niliyetolewa shule kwanza. Nilikuwa gredi ya nne na sikujua kusoma. Herufi zilikuwa hazitulii. Hii uliyoniambia ni b, nikigeuza macho imekuwa d. Neno refu nikiliona naona ukuta. Mwalimu wangu hakuwa mbaya, alikuwa na watoto wengi, akanipanga nyuma na wenzangu watatu, nasi tukajijua sisi ni nani. Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, nikawa nyumbani kama watoto wote wa Kenya. Sisi wa gredi ya nne ndio tulioitwa kurudi mapema, tarehe 12 Oktoba, pamoja na darasa la nane na kidato cha nne. Mimi sikurudi.

MWALIMU: Kwa nini?

BINTI: Kwa sababu miezi ile kulitokea kitu. Vipindi vya masomo vilikuwa vikitolewa redioni, KBC. Nikawa nasikiliza huku nasukuma chapati, na kipindi kikiisha naweza kukirudia chote. Mama akashangaa. Bibi hakushangaa, akaanza kunighania tenzi usiku: beti tatu, kesho tano, keshokutwa kumi. Nilizishika zote bila kuona karatasi. Halafu akafanya ujanja. Akaniandikia zile beti nilizokwisha kuzihifadhi, herufi kubwa kubwa, akaniambia niziandame kwa kidole huku naghani. Sauti nilikuwa nayo tayari kichwani, kwa hivyo herufi hazikuwa na pa kukimbilia. Ilichukua karibu mwaka. Sasa nasoma, polepole, na natunga. Mashairi yangu mawili yamesomwa redioni.

MWALIMU: Mbele ya mtoto sitasema uongo. Katika darasa langu lile la watoto mia ungekaa nyuma mpaka umalize shule, na katika ripoti ningeandika kwamba unahitaji kutia bidii.

BINTI: Lakini sifa usimpe Mama zote. Mwaka wa kwanza aliniagizia vile vijitabu vya ACE. Mfumo ulianzia Texas mwaka 1970: kila somo limekatwakatwa vijitabu, unajaza mapengo, unajisahihisha, unafungua kingine. Ukimaliza unafungua kingine tena. Mama alihamishia shule kwenye meza ya kulia, akawaacha huko wanafunzi wenzangu. Bibi hakuwa hata kwenye ratiba.

MAMA: Ni kweli, niliogopa. Mzazi anayeanza hununua kila kinachouzwa kikiwa kimefungwa tayari, ili akiulizwa awe na cha kuonyesha.

MCHOKOZA MADA: Na ulichokosa ni nini, binti?

BINTI: Marafiki ninao. Nilichokosa ni wapinzani. Shuleni kuna mtu anayekupita kwa alama mbili nawe humpendi, na kwa kutompenda unakesha na kitabu. Mimi nyumbani nishindane na nani, na mdogo wangu anayependa mbao? Mara ya kwanza kughani mbele ya washairi watu wazima, mmoja akanisimamisha akasema mizani imepungua katika ubeti wa nne. Nililia mbele za watu. Watoto wa shule hukosolewa hadharani tangu wakiwa wadogo, wakazoea. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

FUNDI: Na mizani ilikuwa imepungua?

BINTI: Ilikuwa imepungua, babu. Moja.

Hadithi ya Binti yanishawishi zaidi kuliko ya mdogo wake, na sababu ni kwamba haikutegemea fundi adimu wala vifaa. Ilitegemea bibi mwenye tenzi kichwani, na mtoto aliyeachwa mwaka mzima bila kulinganishwa na mtu. Shule ingeweza kumpa hayo yote. Mwalimu wa kumsikiliza, kusoma kwa kuanzia na kilichokwisha kuhifadhiwa, subira. Hakuna hata moja linalohitaji kuta nne za nyumbani. Ila darasa la mia haliwezi, na mtoto hawezi kungoja mpaka madarasa yapungue.

MWALIMU: Sasa tuzungumze pesa, maana naona kila mtu anaipita kwa mbali. Mama, wewe ulikuwa ukifanya kazi gani?

MAMA: Nilikuwa kwa wakala wa forodha bandarini, upande wa hati za mizigo. Niliacha. Mume wangu yuko Doha, na pesa anazotuma kila mwezi ndizo mshahara wangu wa ualimu.

MWALIMU: Unaona? Hiyo ni nyumba yenye mshahara wa Ghuba. Mwambie mama wa Kisauni anayefulia watu nguo asomeshe mtoto wake nyumbani. Nyumba gani, na saa ngapi?

MAMA: Na wewe nambie karo ya shule za binafsi hapa mjini ni kiasi gani, kisha usafiri, kisha tuisheni ambayo sheria imeikataza na kila mtu anailipa. Nimepiga hesabu. Sipati hasara kubwa kama unavyodhani. Tena hatukai peke yetu, tuko wazazi sita. Jumatano watoto wote huja kwangu kwa sayansi, Alhamisi huenda kwa mwenzangu kwa Kiarabu, mwingine anajua kompyuta.

MWALIMU: Watoto wangapi?

MAMA: Kumi na wanne.

MWALIMU: Hiyo ni shule!

Wote walicheka, Mama pia. Baba hakuketi katika baraza hili, na msomaji asidhani nilimsahau. Katika nyumba za namna hii ninazozijua, baba hulipa na mama hufundisha. Tunajadili vipaji vya watoto usiku kucha, na ni nadra mtu kuuliza cha mama kimekwenda wapi. Nilipomchokoza Mama kwa swali hilo aliniambia nisimhurumie: hati za forodha hazikuwa kipaji chake. Nimelichukua jibu lake kama lilivyo. Lakini si kila mama aliyeacha kazi aliyekuwa akiandika hati za forodha.

WAKILI: Dada, Mwalimu ametania, mimi sitanii. Ikiwa ni shule, haijasajiliwa, na ndiyo maana Jumatano mnafunga mapazia. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na waziri. Anayekaidi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mwaka 2019 mzazi alikamatwa kwa jambo hili hili, na mabishano ya sheria yakafika Mahakama Kuu.

MAMA: Lakini mtoto sikumficha, kila siku anaonekana ufuoni. Na Azimio la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 26, linasema mzazi ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wake.

WAKILI: Hiyo ni aya ya tatu. Aya ya kwanza ya kifungu hicho hicho inasema elimu ya msingi ni ya lazima. Umesoma mwisho ukaruka mwanzo, na wenzako wa upande wa pili husoma mwanzo wakaacha mwisho.

MCHOKOZA MADA: Wengine duniani wamefanyaje?

WAKILI: Wameachana mbali sana. Ujerumani mtoto hana budi kwenda shule. Mwaka 2013 watoto wanne wa familia moja walichukuliwa na serikali kwa wiki tatu kwa sababu ya kusomeshwa nyumbani, na Januari 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaipa serikali haki. Marekani, tangu 1993 majimbo yote 50 yanaruhusu, lakini si kwa namna moja. Texas mzazi hana haja hata ya kutoa taarifa. New York huandikisha nia yake, huwasilisha mpango wa masomo, na kila robo mwaka hupeleka ripoti. Mimi ningeulizwa kuhusu Kenya, ningesema tusifuate Ujerumani wala Texas.

Liko jambo la kwetu linaloniudhi zaidi kuliko faini. Mtaala wa umilisi, ambao mwaka 2019 ulianza rasmi katika madarasa ya chini kote nchini, uliingia kwa ahadi ya kukuza kipaji cha kila mwanafunzi. Sekondari ya juu imegawanywa njia tatu, na mojawapo ni sanaa na michezo. Ahadi nzuri. Lakini ili mtoto apangiwe nafasi ya gredi ya kumi, mtihani wa gredi ya tisa huchukua asilimia 60, ule wa gredi ya sita asilimia 20, na tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane asilimia 20 zilizobaki. Asiye na shule hana tathmini za shuleni. Zamani, mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi ulipokuwa ndio kila kitu, ubaya wake ulikuwa kumpima mtoto kwa siku chache. Lakini mtihani huo haukuuliza aliketi wapi miaka iliyotangulia. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Mtaala uliokuja kwa jina la vipaji umemfungia mlango mtoto aliyekuza kipaji chake nje ya lango la shule, na hakuna aliyekusudia hivyo, jambo ambalo halimsaidii mtoto.

BINTI: Ndiyo maana najiandaa kwa mitihani ya Cambridge. Wanapokea watahiniwa wasio na shule.

WAKILI: Kwa ada ambayo mama wa Kisauni hataisikia bila kukaa chini. Na kwa Kiingereza.

BINTI: Kiswahili kimo. Ni somo moja, mengine yote ni Kiingereza. Nitakwenda kumwandikia mtu wa Uingereza insha juu ya utenzi wa Bibi.

FUNDI: Nyote mmenitumia mimi kama ushahidi, na hakuna aliyeniuliza naonaje.

MCHOKOZA MADA: Waonaje, mzee?

FUNDI: Mimi ndiye wa kwanza kusomea nyumbani katika baraza hili. Baba alinitoa shule nikiwa darasa la pili, akaniambia jahazi ndiyo shule yangu. Na nilijifunza, sikatai. Vyombo vyangu vimefika Lamu na Pemba. Lakini siku moja tajiri aliniletea mkataba nitie kidole gumba, nikatia. Kumbe nimekubali bei isiyotosha hata mbao. Niliunda chombo kizima nikamlipa mimi kwa kunipa kazi! Wajukuu zangu wote wako shule, na asiyetaka anajua nitamfanya nini. Siku hizi mashua za faiba zimejaa, mbao nzuri hazipatikani kwa bei ya mtu maskini. Mtoto huyu nikimkalisha hapa miaka saba akatoka hajui ila jahazi, nimempa kazi ambayo huenda ikamfia mikononi. Nampokea kwa sababu anakuja kwangu hesabu ameshafanya. Asingekuwa amefanya, ningemrudisha kwa mama yake na baiskeli yake.

MAMA: Hukuwahi kuniambia hayo, mzee.

FUNDI: Hukuwahi kuuliza, mwanangu. Ulikuja ukaniambia mtoto anapenda mbao.

Nilitarajia kwamba Fundi angesimama upande wangu moja kwa moja. Badala yake amelisema vizuri kuliko sote: nyumba iliyomfunga yeye na nyumba inayomfungulia kijana huyu zinafanana kwa nje. Zote mbili zina mzazi aliyeamua, na mtoto aliye ufuoni saa za shule. Tofauti iko katika zile saa mbili za mezani, na katika nani anayehakikisha kwamba zipo.

MWALIMU: Basi tumefika nilipotaka. Nani anahakikisha?

MAMA: Afisa wa elimu akija kwangu atauliza sare iko wapi na ubao uko wapi. Bibi yetu na tenzi zake atamwandika katika safu gani?

WAKILI: Ndiyo maana fomu inapaswa iandikwe na watu wanaolijua jambo hili, wewe ukiwemo. Mjiandikishe, mwaka mara moja mtoto akutane na mtu wa nje anayejua kuwasoma watoto, aketi naye bila wewe chumbani. Asome, ahesabu, aeleze anachokifanya siku zake. Na tathmini yake ihesabiwe kama ya mwingine yeyote.

MAMA: Bila mimi chumbani?

MWALIMU: Hasa bila wewe. Swali langu la alama za mshipi hukunijibu, na sitarajii ulijibu wewe. Mtoto ndiye wa kulijibu.

MAMA: Sawa. Lakini asiwe mgeni anayekuja na karatasi na haraka. Njoo wewe, Mwalimu.

MWALIMU: Mimi nimestaafu, sina mamlaka.

WAKILI: Macho hayastaafu. Mamlaka tutayatafuta.

MWALIMU: Haya, nipeni kwanza hilo daftari la mataruma mnalolisifu tangu asubuhi. (Analifungua, anapekua, anarudi nyuma kurasa mbili.) Mkono wake mzuri. Lakini tazameni hapa. Kila kipimo amekianzia kwenye ukingo wa mbao. Ukingo umechongwa kwa tezo, nao wenyewe haujanyooka. Alipaswa aanzie katikati ya mkuku, avute uzi, ndipo apime kushoto na kulia. Huenda vidole viwili vikawa kimoja.

FUNDI: Nami nilimwambia haiwezekani!

MAMA: Mimi nililiona daftari hilo mara nyingi, hilo sikuliona.

MWALIMU: Kimoja bado kipo, mzee, usishangilie. Mtoto yuko wapi nimwonyeshe?

FUNDI: Njoo kesho ufuoni. Jumamosi huwa naye pamoja na vijana watatu wa shule ya serikali wanaokuja siku zisizo za masomo, na mmoja wao kwa tezo anampita. Uje na uzi wako, wangu umekwisha.